Nani Kawaambia Ukame Unamwagiliwa?

Nilijaribu kungoja hasira ipoe ndipo niandike. Imegoma kupoa. Basi naandika nayo hivyo hivyo, na ninyi vijana wa kilimo, mabwana shamba na mabibi shamba mliotoka chuoni juzi na viatu vyenu vyeupe, mtanivumilia kama mimi ninavyowavumilia.

Jumatatu ile Baraka alikuja kwangu hapa Mikumi. Baraka ndiye bwana shamba wetu, kijana mpole, mchapakazi, na adabu anayo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, chai ipo."

Chai hakuinywa. Alikuwa na haraka ya kunionyesha picha kwenye simu. Ni shamba la majaribio, nje kidogo ya mji, ambalo Alhamisi lingepokea wageni kutoka mkoani, na mimi nilikuwa nimealikwa kusema maneno machache kwa kuwa nilistaafu katika kazi hiyo. Picha ilikuwa nzuri kweli. Kibao cheupe, herufi kubwa: JARIBIO LA MAHINDI YANAYOSTAHIMILI UKAME. Na chini ya kibao, mfereji umejaa maji.

"Hiki nini?"

"Mfereji, Bibi."

"Mfereji naujua. Ndani yake mna nini?"

"Maji."

"Na kibao kinasemaje?"

Akakisoma kimyakimya. Niliona midomo inachezacheza, halafu ikatulia.

"Ni kidogo tu, Bibi. Wageni wanatoka mkoani. Wakikuta majani yamejikunja kwenye mahindi yenye mbelewele, tutaonekana washamba."

"Kwani wewe ni nani, rubani?"

Sikungoja anijibu. Nilichukua jembe nyuma ya mlango nikatoka na kanga yangu ya jikoni, Baraka ananifuata nyuma, "Bibi, Bibi, jua kali." Nilipofika, maji yalikuwa yameshapita mistari ya mwanzo na yanaelekea ya pili. Hiyo ya pili ndiyo Mkeka, mbegu nitakayowaeleza. Nilipiga jembe, nikatupa udongo, nikaukanyaga kwa miguu yangu hii yenye baridi yabisi, mpaka mfereji ukaziba. Vibarua walianza kucheka, kisha wakaona uso wangu wakaacha. Nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana mimi ni mama wa kanisa.

Kuanzia siku hiyo sikuitikia shikamoo ya Baraka. Mnajua maana yake. Kwetu mtoto akikuamkia usimwitikie, amebaki amesimama mlangoni hajaambiwa aingie wala aondoke. Nilifanya makusudi. Na kwa nini nilifanya makusudi, ndiyo hadithi yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye kituo kimoja kidogo kati ya Kilosa na Mikumi. Jina lake silitaji. Kituo chenyewe hakipo tena, lakini watu wake wengine tunakutana sokoni na kusalimiana, na nisingependa wanikwepe. Mimi ni mtoto wa milimani, nilisomeshwa na misheni, nikaajiriwa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Kazi niliifundishwa na mtafiti wetu, Dokta Rajabu, mzaliwa wa huku bondeni, msomi aliyekuwa akiinama shambani kuliko sisi tuliolipwa kuinama.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye mstari wa mahindi akanishikisha jani. "Mama Tabitha, hili unalionaje?"

Nikasema ni zuri, pana, la kijani.

"Sikukuuliza kama litaolewa na mwanao. Linafanya nini?"

Akanieleza, na tangu hapo sijapata maelezo yaliyo bora zaidi. Jani lina vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni. Kwa vitundu hivyo mmea unaingiza hewa ya kutengenezea chakula. Lakini mlango ule ule unaoingiza hewa ndio unaotoa maji, yakaenda zake angani. Ni kama kumfungulia mgeni mlango asubuhi: kabla hajaingia, kuku wote wameshatoka. Ukifunga mlango, kuku wamebaki, ila mgeni naye yuko nje na njaa iko ndani. Kazi yetu, alisema, ni kutafuta mahindi yanayojua kuufungua mlango na kuufunga kwa wakati wake.

"Na usije ukadhani kuna jani la bure," akaongeza. "Lenye vitundu vichache linabana maji, lakini mwaka wa mvua nzuri litazaa kidogo kuliko jirani yake. Muulize mkulima kwanza mvua yake ikoje, ndipo umchagulie jani."

Hilo liandikeni mahali. Nimesikia vijana wakihubiri mbegu moja kutoka Kidete mpaka Kilangali, kana kwamba mbingu zinanyesha kwa ratiba moja. Thubutu!

Sasa, vitundu tulivihesabu kwa rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha, hii ya wasichana. Unachagua jani la katikati, lile la jirani na hindi, si la chini lililozeeka. Unapaka rangi isiyo na rangi, nyembamba, unaiacha ikauke vizuri. Unabandika selotepu juu yake, unabandua taratibu, na ngozi ile ya rangi inatoka na chapa ya jani zima. Unaibandika kwenye kioo, unatazama kwa hadubini, vitundu hivyo hapo, kila kimoja na midomo yake miwili. Mara ya kwanza duka la Kilosa halikuwa na ile isiyo na rangi, nikanunua nyekundu. Nilipaka mstari mzima. Ilipokauka haikuonyesha kitu, na mlinzi akauliza kama mahindi yanaolewa Jumamosi.

Baada ya hapo Dokta akaamua kununua mwenyewe. Mkewe akafua suruali, akakuta chupa tano za rangi ya kucha mfukoni, na yeye kucha zake hazijawahi kupakwa kitu zaidi ya hina ya Idi. Jumatatu asubuhi alikuja kituoni na chupa zake kwenye kanga, hasira hadi kwenye nyusi. Ilibidi nimkalishe kwenye hadubini nimwonyeshe. Alitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni kweli mwanamke mwenyewe ni muhindi." Alicheka mpaka akalia, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitununulia.

Na kuna vitu havihitaji hadubini. Saa saba mchana shika jani uliweke shavuni. La baridi linatoa maji, la moto limebana. Siku hizi mna kamera inayoonyesha joto la jani kwa rangi, nimeiona, ni nzuri mno, ningeipata enzi zangu shavu langu lisingekwaruzika hivi. Sina ugomvi na mashine. Lakini kamera haitakwambia kwamba umeipeleka shambani saa isiyofaa. Shamba la ukame halitembelewi asubuhi. Asubuhi kila hindi ni bwana harusi.

Nimelitaja jina hilo sasa, Bwana Harusi. Ilikuwa mbegu moja pale kituoni, majani mapana yameinama pande zote, kijani mpaka yanang'aa. Mgeni yeyote akifika lazima apige picha naye. Jirani yake alikuwa Mkeka. Mkeka majani yake membamba, yamesimama wima, yana vumbi jeupe la nta ambalo ukilipitishia kidole linabaki kidoleni. Na jua likipanda, jani linajikunja taratibu kwa urefu, kingo mbili zikakutana, kama mkeka unaokunjwa wageni wakiondoka. Jina tulilipata hapo. Jua la mchana linalitafuta jani linakuta ukingo tu.

Mgeni gani apige picha na ukingo?

Hata tembo walilijua hilo. Waliwahi kutoka huko mbugani, asubuhi tukakuta Bwana Harusi ameliwa hadi mashina, na Mkeka umesimama haukuguswa. Dokta akasema, "Huyu naye kachagua kwa macho." Tulicheka. Tungejua yanayokuja tusingecheka.

Mkeka haukuzaliwa kituoni. Ulikuwa mbegu ya Bi Zaituni, mkulima wa Magole, na kabla yake ya mama yake. Shamba lake ni la kichanga, halina mfereji, halina mto karibu, lina Mungu tu. Dokta alikwenda kumwomba. Bi Zaituni akapanda uchagani juu ya moto, pale wanawake wanapotundika mahindi ya mbegu yapigwe na moshi wadudu wasiyaguse, akamchagulia yaliyo mazuri. Akasema, "Nendeni mkaisome. Ikiwa nzuri muwape na wengine. Ila msinipotezee." Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeyapokea kwa kanga yangu.

Jaribio lenyewe lilikuwa jambo rahisi. Mahindi yanapotoa mbelewele, yale maua ya kileleni, unayanyima maji. Hapo ndipo uongo wote unapofichuka. Hindi lenye kiu hutoa mbelewele juu kwa kiburi, lakini nywele za chini zinachelewa, poleni, ule unga wa mbelewele, inapukutika hakuna wa kuipokea, unavuna gunzi. Kwa hiyo ukitaka kujua mbegu ya ukame usitazame jani peke yake, shuka chini utazame nywele. Jani zuri ni lile linalokufikisha kwenye nywele.

Basi mahindi yako kwenye mbelewele, Dokta kaenda msibani kwao, inakuja taarifa kwamba mgeni mkubwa anapita. Mkuu wa kituo akazunguka shamba, akafika kwenye kitalu cha ukame, akashika kichwa.

"Mama Tabitha, haya yanakufa!"

"Hayafi, Mkuu. Yana kiu. Ndiyo jaribio."

"Mgeni aje akute mahindi yanakufa kwangu? Atanielewaje?"

"Atatuelewa tukimweleza."

"Mgeni hapewi maelezo, mgeni anapewa chakula. Fungueni maji."

Nilisimama mbele ya pampu. Sitanii. Nikasema maji hayaendi. Na unajua nani walinitoa? Si Mkuu. Ni wenzangu, watu wema kabisa, wanaocheka nami kila siku. "Mama Tabitha, mgeni ni mgeni. Utaweka nyumba chafu mgeni akija?" Kwao ilikuwa kufagia uwanja! Hakuna aliyekusudia ubaya. Tumelelewa hivyo: hata kama kuku ni mmoja, mgeni akija anachinjwa. Siku ile tulichinja jaribio la misimu mingi kwa ajili ya mtu aliyekaa pale kwa muda wa kunywa soda moja.

Maji yakaenda. Bwana Harusi akanywa, akatanuka, nywele zikatoka kama hajawahi kuona shida. Mkeka nao ukanywa, lakini Mkeka hata ukishiba ni Mkeka. Mgeni akapita, akampiga picha Bwana Harusi, akasema, "Hii ndiyo mbegu." Watu wakapiga makofi. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, nasi tulikuwa tumeufunika uchi wetu wote kwa maji ya pampu.

Dokta aliporudi alitazama ardhi kwanza, kabla ya mahindi. Alijua. Aliomba jaribio lote lirudiwe, Mkuu akasema mgeni ameshasema. Haukupita muda akahamishiwa mkoa mwingine, na huko akastaafia. Siku ya kuondoka alinipa ile hadubini ya zamani, akasema, "Angalia usije ukawa na adabu kupita kiasi, Mama Tabitha." Huyo ndiye mwalimu wangu.

Bwana Harusi akagawiwa kwa wakulima. Magole nao wakapata, na Bi Zaituni akaambiwa apande huyo, kwa kuwa ya kwake ilishindwa, na tena mahindi hayana ndoa: ukipanda mbegu mbili jirani, poleni zinaingiliana zote zinaharibika. Ushauri wa kitaalamu kabisa. Akautii. Wanangu, mtu alitutii! Mvua ikakatika kwenye mbelewele, kama inavyokatika kule miaka mingi. Yale majani mapana yalikunywa unyevu wote wa kichanga kabla hindi halijafunga. Shamba zima likawa malisho, na njaa ikala hata mbegu ya mama yake iliyobaki uchagani.

Nilimkuta Magole, amekaa kwenye kizingiti. Ni mkubwa kwangu, nikapiga goti nusu.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

Kimya. Nikadhani hakusikia.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama moja kwa moja. "Nilikupa mbegu ya mama yangu," akasema. "Umenirudishia majani."

Hakuitikia. Niliondoka na shikamoo yangu mkononi. Mimi niliyesimama mbele ya pampu! Nilitaka kumwambia si mimi, ni wao. Lakini kwake "wao" ni nani? Kanga iliyobeba mbegu ilikuwa yangu. Kila nilipokutana naye miaka iliyofuata niliamkia, naye alinipita. Nililia kwa ajili ya mambo mengi katika kazi ile, lakini hilo sijamaliza kulilia, na likinijia nawachukia wote waliofungua yale maji, marehemu na walio hai, Mungu anisamehe.

Sasa mtajiuliza Mkeka umetoka wapi tena. Bi Zaituni ana binti aliyeolewa Kidete, huko juu relini. Alipoolewa mama yake alimfungia mahindi ya mbegu kwenye mzigo, kama anavyofungiwa binti sufuria na kinu. Binti akapanda, akatundika, akapanda. Lakini majirani zake wote sasa wananunua mbegu za dukani, na poleni haina adabu wala mpaka, Mkeka ukazidi kuchanganyika kila mwaka. Akabaki na kipande kimoja cha mwinuko, mbali na mashamba ya wenzake, ambako bado ulikuwa safi. Mwaka juzi akaona mwenyewe hauwezi kuendelea hivyo. Akamwambia mama yake. Na Bi Zaituni, mzee sasa, anatembea kwa fimbo, akanipigia simu mimi.

"Mama Tabitha."

"Abee. Shikamoo, Bi Zaituni."

Nilisikia anavuta pumzi. "Marahaba," akasema. "Nisikilize. Kilichobaki Kidete ndicho kilichobaki duniani. Nataka kisomwe vizuri kabla sijafa. Safari hii ukimkabidhi mtu usimwondolee jicho, Mungu anakuona."

Ndiyo mbegu niliyompa Baraka. Sasa mmeelewa kwa nini nilitoka na kanga ya jikoni? Si mahindi tu yale. Jaribio likiharibika Mkeka utaandikwa umeshindwa mara ya pili, hakuna atakayeuzalisha, na wa Kidete utamezwa na majirani. Basi. Umekwisha. Na Baraka, mtoto wa watu, msomi, ananiambia ni kidogo tu!

Alhamisi ikafika. Nilikwenda Magole kumchukua Bi Zaituni mwenyewe, nikamkalisha viti vya mbele, na mtu wa itifaki alipotaka kumhamisha nikamwambia ajaribu. Wageni walifika saa nne. Ratiba ilisema waende shambani kwanza, kisha hotuba. Nikaona mpango ulivyo: saa nne, jani halijajikunja, mistari ya mbele imekunywa, inameremeta. Picha, soda, kwaherini.

Nikamwendea Baraka. "Shikamoo, Bibi," akasema. Sikuitikia. Nikasema, "Nipe kipaza sauti kabla hawajaenda. Wazee huanza."

Na kwetu, wanangu, mzee akishika kipaza sauti hakuna wa kumnyang'anya. Nilisalimia wageni kwa vyeo vyao mmoja mmoja. Nikasalimia Waislamu, nikasalimia Wakristo, nikaomba sala ndefu ya mvua, nikamwomba shekhe naye aongeze dua. Nikaeleza rangi ya kucha, nikaeleza tembo, nikaeleza suruali ya Dokta. Watu walicheka. Mheshimiwa alitazama saa, nikamwambia, "Nakuona, mheshimiwa, namalizia," na sikumalizia. Jua likapanda, mahema yakawa moto. Nilipoona kule nyuma Mkeka umeanza kukunja kingo zake, nikasema asanteni kwa kunisikiliza, sasa twendeni shambani.

Mistari ya mwanzo ilikuwa maridadi. Mjukuu wa Bwana Harusi, mbegu ya kizazi chake, majani mapana vile vile, nywele zimetoka. Kamera zikafunguka. Kisha tukafika kwa Mkeka, na mheshimiwa akasema kile nilichokijua atasema: "Hii mbona imekufa?"

"Endelea, mheshimiwa," nikasema.

Maana katika jaribio lolote lililopangwa sawasawa mbegu moja hupandwa sehemu zaidi ya moja. Kule ndani, mbele ya Mkeka, palikuwa na mistari mingine ya mjukuu wa Bwana Harusi, ile ambayo maji hayakuifikia kwa sababu ya jembe langu. Majani yamening'inia, ncha zimeungua, mbelewele ziko juu zimepukutika, na chini hakuna nywele hata moja. Bi Zaituni akaacha fimbo yake, akarudi kwenye Mkeka, akafunua jani lililojikunja kwa vidole viwili, akamwita mheshimiwa aone. Nywele zilikuwa zimetoka, laini, zinanata, zimeshapokea poleni.

Mheshimiwa si mjinga. Alitazama nyuma, akatazama mbele. "Hii ya hapa na ile ya kule mlangoni si mbegu moja? Mbona ile nzima na hii imeharibika?"

Baraka akanitazama. Na mimi niliyesema tangu saa nne, nilifunga mdomo. Nilimtazama tu. Kama angesema ni udongo, ningemrukia pale pale mbele ya serikali.

"Tuliimwagilia, mheshimiwa," akasema. "Jumatatu. Niliagiza mimi. Tuliona aibu mkute majani yamejikunja."

Bi Zaituni akamgeukia. "Aibu si jani kujikunja, mwanangu. Aibu ni mtu kukupa mbegu ya mama yake, ukamrudishia majani."

Mheshimiwa akasema jaribio lirudiwe msimu ujao, lisimwagiliwe, na yeye akija aje saa saba. Soda zilikuwa zimeshapata moto. Bi Zaituni alipanda gari kurudi Magole akaniambia tu, "Nyamaza sasa upumzike koo," na kwake yeye hayo ni mengi.

Mimi sikupoa, nimewaambia. Mtu kusema ukweli mbele za watu ni jambo la siku moja, na shamba ni la kila siku. Siku chache baadaye Baraka akaja tena, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Mkeka umejikunja sana leo. Naogopa."

Sikuitikia. "Uliuona saa ngapi?"

"Saa saba."

"Na alfajiri?"

Akatazama viatu vyake vyeupe.

"Jani lililojikunja saa saba linajitunza. Lililojikunja alfajiri ndilo linaloomba msaada. Ulikwenda alfajiri? Hukwenda. Basi ulichokuja kuniambia ni nini? Nenda alfajiri ndipo uje kuniamkia."

Kesho yake jua halijatoka vizuri, nafagia, nikamwona anakuja kutoka upande wa shamba. Viatu vyeupe havikuwepo. Suruali imenaswa na vijimbegu vya kishona nguo mpaka magotini.

"Yamefunguka, Bibi. Mstari mzima, nimepita jani kwa jani. Na ule mfereji nimeufukia wote." Kisha akakumbuka adabu yake, akainama kidogo. "Shikamoo."

Nikaweka ufagio chini.

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani unywe chai."